Saba za Mchana, Kumi na Moja za Jioni

Homa Bay, wodini
Jumapili, 6 Agosti 1995

Shemeji Mellen,

Keti kwanza. Umeketi? Haya. Bwana yako yuko hai. Nimeanza na hiyo kwa sababu najua Bashir wa duka na mdomo yake, saa hii ashakwambia tunatafuta mbao ya jeneza.

Ilikuwa hivi. Ijumaa tulifika hapa na lori ya mitumba, Wangwe akapanda juu kushusha mizigo. Kamba ilikatika akiwa anaivuta na nguvu zake zote, akaenda kinyumenyume mpaka chini, kichwa ikapata ukingo wa mtaro. Hakulia. Mimi nilicheka kwanza, shemeji, nakwambia ukweli, nilidhani ni ile michezo yake. Halafu nikaona sikio inatoa damu.

Sasa amelala tu kama mtu ameshiba ugali ya matanga. Daktari anaitwa Faruk, kijana wa Mombasa, anaongea Kiswahili safi mpaka naona aibu kujibu. Anasema fuvu iko na ufa lakini ufa si shida. Shida ni ndani. Ubongo ikigongwa inafura, na fuvu haina mlango wala dirisha, kwa hivyo inajifinya yenyewe. Ati Nairobi kuna mashini, wanaingiza kawaya kembamba ndani ya kichwa, halafu wanasoma kwa kioo vile presha ya ubongo inapanda na kushuka. Hapa haiko. Nikamuuliza, "Sasa hapa kuna nini, daktari?" Akasema, "Kuna tochi, kuna karatasi, na kuna wewe."

Tochi wanamulika ile nyeusi ya jicho. Zote mbili zikijikunja sawasawa, vizuri. Moja ikipanuka ikatae kurudi, ujue huko ndani kunafinywa na hakuna kungoja.

Karatasi sasa. Wanampa maksi kama mtoto wa shule. Kufungua macho, nne. Kuongea, tano. Kusonga mkono vile umeambiwa, sita. Jumla kumi na tano. Ukikosa kila kitu unapewa tatu. Shemeji, hata maiti anapata tatu! Mimi darasa la nne nilipata sufuri ya hesabu na nilikuwa mzima, nimekunywa uji.

Wangwe ako na saba.

Sista wa wodi ni Mkisii, anaitwa Monari. Wako wawili kwa vitanda thelathini na nne, kwa hivyo amenifundisha kazi. Namwita Wangwe, namfinya kucha na kalamu, naangalia, naandika. Nilimuuliza nimwite na jina gani, akasema vile mnamwita nyumbani. Nimemwita. Nimemwambia kuna mteja nje anataka koti ya ngozi na haulizi bei. Hiyo peke yake ingemtoa kaburini. Hakusonga.

Wewe usitoke huko na hiyo tumbo ya kushonwa na mtoto wa wiki moja. Mimi niko hapa, sitoki hata dakika.

Ni mimi mweka maksi,
Zablon Gisiri


Migori
Jumatatu, 7 Agosti 1995

Shemeji Zablon,

Barua yako imeletwa na dereva wa Bashir. Nimeisoma mara tatu. Mahali moja nilicheka, halafu nikalia kwa sababu nimecheka.

Nakuomba kitu kimoja. Kila barua niandikie nambari, na iwe ya kweli. Nakujua. Koti ya mia mbili unasema ni mia nane na unaapa kwa roho ya mama yako, na mama yako yuko Kehancha anapalilia mahindi. Hizi maksi si koti. Ikiwa ni saba, sema saba. Ikishuka, sema imeshuka. Mimi niko hapa na uzi tumboni, siwezi kuona na macho yangu. Naona na yako.

Daktari wa hapa amekataa nipande gari. Kwa hivyo namtuma mama yangu. Najua vile utafikiria, hata mimi nilimwambia: mama mkwe hawezi kukaa kando ya kitanda cha mkwe wake, watu wa nyumbani watasema nini? Tangu Wangwe anioe hajawahi kukaa chumba kimoja na mama. Wakikutana njiani, yeye anaingia kwa shamba la watu mpaka mama apite. Mama amenijibu ameokoka miaka sita sasa, na kwa damu ya Yesu hakuna mkwe, kuna mtoto wake ambaye ni mgonjwa.

Na mtu ambaye amezimia hajui nani amekaa hapo. Si ndiyo?

Wewe pia jikaze. Najua wewe na Wangwe mlitahiriwa msimu mmoja, kwa hivyo mama ni mkwe wako vilevile. Msalimie kutoka mlangoni inatosha.

Mellen


Homa Bay
Ijumaa, 11 Agosti 1995

Shemeji,

Kumi na moja! Piga kigelegele, lakini pole pole, usikate uzi.

Jumanne Sista alimpa tisa. Jana jioni nimemwita, akafungua macho. Hakuangalia mbali, aliniangalia mimi. Nikamfinya kucha, akashika mkono yangu akaisukuma huko. Halafu akasema, "Toka." Neno moja tu, lakini ni lake kabisa, hata sauti ni ile ya kufukuza madeni. Nikahesabu mara mbili na vidole. Macho tatu, mdomo tatu, mkono tano. Leo alfajiri nikamwita tena, kumi na moja tena. Tochi nayo iko sawa pande zote.

Mama alifika Jumatano na sufuria, Biblia na blanketi. Anafika asubuhi, anakaa kando ya kitanda, anamshika mkono, anaomba kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wanaitikia amina. Jioni anaenda kulala kwa wale watu wa kanisa lake. Nimemsalimia nikiangalia ukuta. Nafikiri ukuta ilijibu vizuri.

Mimi niko tu hapa, mchana na jioni. Wacha wasiwasi.

Zablon


Migori
Jumamosi, 12 Agosti 1995

Zablon,

Nimepata barua mbili kwa siku moja, yako na ya mama. Sasa nataka uniambie nani kati yenu ananidanganya, ingawa najua jibu.

Wewe unasema kumi na moja. Mama anasema tangu afike Wangwe hajafungua macho hata mara moja, haongei, hatoi sauti. Sista amempa saba Jumatano mchana, saba Alhamisi, saba Ijumaa. Jumanne alikuwa na tisa na alikuwa anatoa sauti. Hiyo ni kushuka, Zablon. Hata mtu wa darasa la nne anaona hiyo ni kushuka.

Mama anasema tena kwamba mchana hauko. Ati ukimuona akiingia kwa geti unatokea mlango wa nyuma, na unarudi jua likiwa limelala, na harufu ya soko. Umeniandikia "sitoki hata dakika." Umeniandikia mara mbili!

Daktari ameona zile kumi na moja kwa karatasi akauliza nani ameandika. Sista akasema ni yule rafiki wa kuchekesha watu. Daktari amezipiga mstari. Anasema inaonekana damu inajikusanya pole pole chini ya fuvu na inafinya ubongo, na Jumanne asubuhi anataka kutoboa kichwa aitoe. Hana ile mashini ya Nairobi, atatoboa akifuata hizo maksi. Anaweza kukuta damu. Anaweza pia kukosa, na awe ametoboa mtu bure. Mama ameniandikia yote vile daktari alimwambia.

Fomu ya kukubali atobolewe, ile mama amenitumia, iko ndani ya hii bahasha, nimeweka sahihi. Mpe daktari. Kazi yako ni hiyo tu.

Ulitaka kunifurahisha, najua. Lakini ulikuwa macho yangu na ukanipofusha.

Mellen W. Mniko


Homa Bay
Jumapili, 13 Agosti 1995

Mellen,

Leo sina mchezo.

Fomu yako imefika. Iko kwa mfuko yangu ya shati. Bado sijapeana. Usirarue hii barua, soma mpaka mwisho.

Ni kweli mchana nimekuwa natoka. Naenda soko, siku moja nilifika hadi Kendu Bay na zile suruali. Nilijiambia ni kutafuta chakula. Si hiyo. Mama akiingia, miguu inatoka yenyewe. Mimi sijaokoka, mimi ni Mkuria wa kawaida, siwezi kukaa kitako karibu na mama ya mke wa rika yangu nikimwangalia usoni. Na sikutaka kukuandikia kwamba nimemwachia mgonjwa kwa sababu ya soni, mtu mzima wa miaka thelathini na moja. Kwa hivyo nilikudanganya hapo. Nimekosa.

Lakini kumi na moja sikudanganya. Mellen, sikudanganya. Aliniangalia. Aliniambia toka. Hata leo alfajiri, kabla geti ifunguliwe, alifungua macho nikimwita. Nimemwambia Sista akanijibu, "Zablon, jana uliniambia simba wa mbuga ya Ruma amenunua soksi kwako." Kweli nilimwambia hivyo, alikuwa amechoka nikataka acheke. Sasa ndio naona bei ya kuchekesha watu. Siku uko na kitu ya ukweli mkononi, hakuna mnunuzi.

Nimekaa nikifikiria. Nikipeana fomu na kichwa haina damu, watamtoboa bure kwa sababu mimi ni mwongo. Nisipopeana na damu iko, nitakuwa nimemuua nikingoja. Sijawahi kubeba kitu nzito hivi, na mimi nimebeba mizigo tangu nitoke shule.

Kesho sitatoka. Mama akiingia nitakaa. Nitageuza uso lakini nitakaa. Nataka kuona ni nini inatokea kwa hiyo mchana. Kesho jioni fomu itakuwa kwa daktari, iwe nimeona kitu au sijaona.

Zablon


Homa Bay
Jumatatu, 14 Agosti 1995

Shemeji,

Nimeona.

Asubuhi kabla ya mama, macho yake yalikuwa wazi, yanafuata inzi kwa dari. Saa mbili mama akaingia. Mimi nikajibana nyuma ya kabati ya dawa, nikageuza uso kwa dirisha, jasho inatoka kama mtu anaiba. Lakini ile kioo ya dirisha inaonyesha kitanda.

Mama alisema kutoka mlangoni, "Bwana asifiwe, mwanangu." Wangwe akasikia. Macho yakafungwa. Si kulegea, Mellen, yalifungwa, vile mtoto anafunga akiambiwa kuna dawa. Uso ikageuka upande wa ukuta. Na mkono ile ya kulia, ambayo daktari anasema haifuati amri, ikatambaa pole pole, ikashika shuka, ikavuta ikafunika goti. Mguu ilikuwa nje. Mbele ya mama mkwe.

Mama hakuona, alikuwa anafungua Biblia. Akaketi, akamshika mkono ingine, akaanza kumwita, "Wangwe, Wangwe, fungua macho mama akuone." Wangwe akawa gogo. Sista akaja na karatasi, akamwita, akamulika, akafinya. Kucha ikifinywa anasukuma, basi. Saba.

Mimi nikimuona huyo mama nakimbia mpaka Kendu Bay. Siku tano nakimbia, na haikunijia hata mara moja kwamba mwenzangu hana miguu ya kukimbia. Kitu alibaki nayo ni macho ya kufunga.

Nikamvuta Sista Monari kando, nikamwambia. Nilingoja aniulize kama simba alikuwa hapo pia. Hakuuliza. Aliweka mkono kwa mdomo. Akasema, "Hata kwetu Kisii ni hivyo. Mume wangu hawezi kumpa mama yangu mkono. Na nimesimama hapa siku tano namwandikia saba! Zablon, nikivaa hii gauni nyeupe nasahau nilizaliwa wapi."

Tukaenda kwa daktari. Kwanza nilitoa fomu yako nikamwekea mezani, sahihi juu. Nikamwambia, "Hii ni ya mke wake. Sasa nisikie, halafu uamue wewe, mimi sitaki kuamua." Nikamweleza. Daktari Faruk alinisikiza na kalamu kwa meno. Akasema, "Kwetu pwani mkwe unambusu mkono." Nikamwambia, "Kwetu ukimbusu mkono unalipa mbuzi na unahama wilaya." Sista akasema, "Daktari, ni kweli. Na mimi si mcheshi."

Akasema atapima yeye mwenyewe. Mama akiwa ndani, saba. Sista akamwomba mama atoke kidogo, mlango ukafungwa. Daktari akangoja kiasi ya mtu kumaliza chai. Akamwita, "Wangwe." Macho yakafunguka. Yakaangalia kwanza ile kiti ya mama, kama iko tupu. Halafu yakaangalia daktari. "Maji," akasema. Kumi na moja. Mama akarudi, saba. Akatoka, kumi na moja. Mara tatu, Mellen, na daktari anaandika na mkono yake.

Usishangilie bado. Daktari amesema yote mawili yanaweza kuwa kweli. Mtu anaweza kuwa na soni na awe na damu pia. Ameahirisha kutoboa kesho, lakini fomu ameiweka, na vifaa viko tayari. Kila nusu saa tochi. Nyeusi ya jicho moja ikipanuka, au maksi zishuke mama akiwa hayuko, anaingia papo hapo. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema mpaka Alhamisi. Kisha akasema kitu bado inazunguka kwa kichwa yangu: "Hata ningekuwa na ile mashini ya Nairobi, ingenipa presha. Haingeniambia nani ameketi kwenye kiti."

Sasa shida yangu. Nani atamwambia mama? Mimi siwezi kufungua mdomo mbele yake.

Zablon


Migori
Jumanne, 15 Agosti 1995

Shemeji Zablon,

Nimemwandikia mama mwenyewe. Barua yake iko ndani, imefungwa, mpe Sista Monari amsomee. Usiifungue. Najua utaifungua, kwa hivyo nakwambia iko na nini: nimemwambia asikasirike, na asijilaumu, na atoke humo ndani.

Ulikuwa na fomu yangu kwa mfuko siku nzima. Nikisoma hapo nilitaka kukupiga. Nilikupiga kabisa, kwa mawazo, na mwiko. Ingekuwa damu? Ingekuwa jicho lilipanuka Jumapili saa nane ukiwa umekaa unafikiria? Usinifanyie hivyo tena. Lakini pia mimi ndiye nilisema aliyezimia hajui nani amekaa hapo. Nilijua Wangwe anavyoingia kwa mahindi ya watu. Nilijua na nikamtuma mama.

Usinitumie kitu kingine. Nitumie nambari. Nitaamini ile utaandika. Nimekosa njia nyingine, na pia kwa sababu ungeweza kutoniambia habari ya mfuko na ukaniambia.

Mellen


Homa Bay
Alhamisi, 17 Agosti 1995

Shemeji Mellen,

Sista alimsomea mama barua yako Jumanne jioni kwa veranda. Mimi nilikuwa mbali, nyuma ya tangi ya maji, lakini nilimuona. Alisikiza mpaka mwisho. Akauliza Sista, "Kwa hivyo mimi ndiye nilikuwa namzimisha?" Sista akasema hapana, mama, soni ndiyo. Halafu akasema, "Nilidhani nikiacha mila mimi, na yeye ameacha." Akakunja blanketi yake.

Nilifikiri atarudi Migori. Hakurudi. Jumatano asubuhi nikamkuta nje, ameketi chini kwa nyasi, mgongo kwa ukuta ya wodi, upande ule ule wa kitanda ya Wangwe, chini ya dirisha. Ndani hawezi kumuona. Anapika, uji inaingia kwa mkono ya Sista. Maombi anafanya pole pole, amina za wodi zimepungua, wagonjwa wanalalamika.

Maksi za jana: asubuhi kumi na moja, adhuhuri kumi na mbili, jioni kumi na tatu. Tochi nimehesabu mara arobaini na kitu, nyeusi zote mbili ndogo, sawa, kama mbegu za papai. Si mimi niliyeandika, daktari alikataa nishike kalamu. Nilikuwa naangalia tu.

Leo sasa. Ilikuwa saa sita, jua ya Homa Bay unaijua, inakaanga mpaka mabati yanalia. Daktari alikuwa amekuja kuamua, na fomu yako mkononi. Wangwe alikuwa ametulia, macho kwa dirisha. Huko nje mama akakohoa. Nikaona macho yanataka kufungwa, nikafunga yangu kwanza, sikutaka kuona. Halafu nikasikia sauti, nzito, kama mtu ametoka kisimani:

"Zablon. Mama ako kwa jua. Msogezeni."

Daktari akaniangalia. Mimi nikaangalia daktari. Nikatoka mbio, nikafika kona, nikakumbuka siwezi kumwambia, nikarudi mbio kumwambia Sista, Sista akatoka. Alimsogeza mpaka chini ya paa ya jikoni. Mama akamuuliza ni nani amesema. Sista akamwambia. Akajifunika uso na leso, na sikuangalia tena, si yangu kuangalia.

Daktari akamwambia ainue mkono, akainua. Wa kushoto umechelewa kidogo, lakini umekuja. Akamuuliza jina, akasema Wangwe Mniko. Akamuuliza yuko wapi, akasema hospitali, kwani ni wapi kwingine wanapika uji mbaya, na uji ni wa mama yake mkwe, hiyo sitamwambia mtu. Daktari amerarua fomu vipande viwili. Hatatoboa.

Halafu akamuuliza tuko mwaka gani. Wangwe akafikiria, akasema tisini na mbili. Akamuuliza ana watoto wangapi. Akasema hana.

Nilitaka kumwambia polepole kwa sikio, daktari asisikie, ili apate maksi zote. Nilikuwa nimeinama tayari. Kumi na tano, Mellen, ungeruka mpaka dari. Daktari anasema kumbukumbu hiyo inarudi, ama inarudi kidogo, ama haitarudi yote, hakuna tochi ya kumulika hapo. Utakapokuja itabidi umweleze huyo mtoto ni wa nani, na pengine umweleze mara mbili.

Nimeinuka bila kumwambia. Leo nimerudishiwa kalamu.

Kumi na nne.

Zablon Gisiri